Siku Tulipokimbilia Kichuguu Kimoja

Mkwe wangu, Baba Ghati,

Hivi miguu yako iliibiwa? Mwanza siyo Ulaya. Basi linatoka huko asubuhi, jioni watu wanashuka hapa njia panda ya hoteli na kuku wao na magodoro yao, wewe hushuki. Mvua zimenyesha, zimekata, zimenyesha tena. Bhoke anakuja, watoto wanakuja, vitenge vinakuja, sukari inakuja imefungwa kwenye gazeti. Vitenge vyako nimevitandaza kitandani nikavitazama. Kitenge hakina habari. Kitenge hakikohoi nje ya uzio nikajua mkwe wangu amefika.

Nikimuuliza Bhoke ananijibu, "Baba Ghati yuko kazini, mama," huku anajikuna shingo. Mimi ndiye niliyemzaa. Akidanganya anajikuna shingo tangu hajaota meno. Kwa hiyo najua huko Mwanza likizo zipo, na najua unazitumia kukaa kivulini na kunywa chai huku unanikwepa.

Najua pia kwamba mama mkwe kumwandikia mkwe wake barua siyo jambo la kila siku. Kwetu mimi nawe hatushikani mikono, hatuli sahani moja, na tukikutana njiani lazima mmoja atoke njiani. Lakini nimekaa nikawaza: karatasi haina uso. Ukiisoma hunioni, nami sikuoni. Wazee wetu hawakukataza karatasi, kwa sababu hawakuwa nayo. Sijakaa darasani hata siku moja maishani mwangu. Herufi hizi nimezipata uzeeni, kwenye kisomo cha jioni ambacho sote tuliambiwa twende, mpaka vikongwe. Ukiona nyingine zimelala chali, usizicheke, zimechoka kama mwenye nazo.

Tena barua hii sikuifunga, kwa makusudi. Kondakta aisome, utingo aisome, na abiria akitaka asomewe kwa sauti. Kuna watu hapa Ikoma wanasema mpaka leo kwamba nilikulaani, ndiyo maana huonekani. Waisome, wanyamaze.

Unakumbuka tulivyofanya kazi nyumba moja bila kuonana? Wewe mhudumu wa meza, shati jeupe, mkono nyuma kama askari. Mimi kibarua wa kufua, uani, mbele ya pipa la maji ya moto na pasi ya mkaa. Kila siku ilibidi vitambaa vya meza vitoke kwako vije kwangu, halafu virudi. Ukifika kona ya jiko unakohoa. Mimi naingia nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Unatua bunda lako juu ya jiwe, unaondoka mbio. Nikimaliza kupiga pasi nagonga kifuniko cha sufuria, wewe unajua vyako tayari, unakohoa tena, nami nageukia ukuta. Hakuna kitambaa kilichopotea hata siku moja.

Meneja, yule mtu wa kutoka mbali, alitutazama wiki nzima kutoka dirishani. Mwisho akaja kwa Mama Juma wa Mugumu, kibarua mwenzangu aliyeshona mapazia, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Yule kijana amemwibia nini yule mama, mbona anamkimbia?"

Mama Juma hata cherehani hakuisimamisha. "Kamchukulia binti yake, bwana meneja. Ila ng'ombe alitoa wote."

Na njiani tulikuwa na mpango wetu pia. Ile njia ya kutoka kijijini kwenda hotelini inabanwa pale penye kichuguu kikubwa, mto huku, kichuguu huku. Nilipokuwa narudi nyumbani nawe unakwenda zamu ya jioni, wewe ulitoka njiani kwa upande wa mto, mimi nilitoka kwa upande wa kichuguu. Siku zote. Hatukuambiana. Miguu yenyewe ilijua.

Halafu ukaja mgomo.

Redio ilisema kima cha chini cha mshahara kimepanda. Nchi nzima ilisikia, hoteli haikusikia. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha, meneja anasema anangoja barua kutoka makao makuu, na mkimsogelea sana anawauliza mmesoma mpaka darasa la ngapi. Hapo aliharibu. Maana wakati ule chama kilikuwa kimetoa kijitabu kinachosema mkubwa kazini asiwadharau walio chini yake, na Chacha mpishi alikuwa nacho, anakibeba mfukoni pamoja na kijiko cha kuonjea. Mkakaa kikao nyuma ya jiko, ninyi wenye ajira ya kudumu. Chacha akapanda juu ya kreti la soda, akasema kuanzia kesho hakuna chungu kitakachoguswa.

Sisi vibarua hatukuitwa. Tulikuwa uani, hatua chache kutoka hapo, mikono ndani ya povu, tunasikia makofi yenu.

Nawe unajua kibarua ni nani. Kibarua hana mwezi. Kibarua ana leo. Asipofika leo, leo yake imekufa, na akirudia kutofika anakuta mwanamke mwingine ameshika pasi yake. Nyumbani kwangu nilikuwa na wajukuu walioachwa na mwanangu wa kwanza. Na Ghati wako, ambaye hata kusimama alikuwa hajaanza, alikuwa ananyonya kwa Bhoke na kumalizia kwa uji wangu. Sasa wewe umegoma, kwako hakuingii kitu. Uji wa Ghati ulikuwa unatoka kwenye pasi yangu. Nisingeenda kazini, mtoto wako angekula nini? Kijitabu cha Chacha?

Kwa hiyo siku ya kwanza nilikwenda. Nikawakuta mmelaza gogo pale penye kichuguu, mmejaa njiani, mnaimba.

"Ndugu zangu wafanyakazi," Chacha akapaza sauti, "hakuna kupita!"

"Mimi si ndugu mfanyakazi," nikamwambia. "Mimi kibarua. Kwenye kikao ulinisahau, basi nisahau na hapa."

"Mama, unavunja mgomo."

"Mgomo sikuujenga, nitauvunjaje? Sogea huko. Mimi nilimkanda mama yako mgongo usiku mzima akikuzaa, na kichwa chako kilivyokuwa kikubwa tulikata tamaa."

Wakacheka, na mtu akishacheka hawezi tena kuzuia. Nikainua gauni, nikavuka gogo, na wanawake wote wa vibarua wakavuka nyuma yangu kama vifaranga. Wewe siku hiyo ulikuwa mbali kule nyuma, nilisikia kikohozi chako tu. Tukafua. Mashuka yakawaka juani. Meneja akatoka nje akayatazama, meno yote nje, akasema kumbe hoteli inakwenda bila wapishi.

Jioni Chacha alikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Bhoke alinisimulia yote. Chacha alisema, yule bibi akiendelea kufua, meneja atatuona sisi watoto wadogo. Bibi haogopi gogo, haogopi ngoma. Anaogopa nini? Mtu mmoja, na sijui mpaka leo ni nani maana kila mmoja anamtaja mwenzake, akasema, "Mwekeni mkwe wake katikati ya njia."

Najua ulikataa. Nataka ujue kwamba najua. Wakakuita kibaraka wa meneja, wakakuambia unamlinda mama mkwe kuliko mkate wa wenzako, na mwisho ukakubali kusimama, lakini usiku huo hukula. Bhoke aliirudisha sahani ilivyokuwa.

Kesho yake nikaja na kibuyu changu cha maziwa mgando kifuani, chakula cha mchana, na wanawake nyuma. Kulikuwa na ukungu. Nikaona kitu cheupe juu ya gogo. Nikadhani shuka. Nikasogea kidogo, nikaona shuka lina mikono, na mikono iko nyuma kama askari.

Miguu ikagoma. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kugoma.

"Kuna nini?" Mama Juma akauliza.

"Mkwe."

Wanawake wote wakasimama, isipokuwa Mama Juma, ambaye wazazi wake walitoka pwani na kwao mkwe anakaribishwa chai. "Mkwe ni mwanao! Mpite tu, tunachelewa!"

"Mama Juma, nyamaza. Hujui unachosema."

Nikakuona nawe umeniona. Chacha anakunong'oneza, "Simama hapo hapo, mura, kijana wetu, usitikisike." Lakini mila haimsikilizi mpishi. Mkwe akishaonekana, mtu anatoka njiani. Ukatoka. Mimi nami nikatoka. Mimi upande wa kichuguu, kama siku zote. Na wewe, Baba Ghati, wewe wa upande wa mto, ulikimbilia wapi?

Najua, najua. Upande wa mto walikuwa wamewasha moto, na ngoma zao, na watu wamekaa mpaka majini. Lakini ungeruka moto! Ungeogelea! Badala yake ukazunguka kichuguu kwa huku, mimi nikakizunguka kwa kule, wote tumeinamisha vichwa kwa adabu, tunakimbiana kwa nguvu zetu zote, na nyuma ya kichuguu, paa! Kifua chako kwenye kibuyu changu. Maziwa yakapanda hewani, yakashukia kwenye lile shati jeupe, mengine kwenye nyusi zako.

Na unakumbuka ulichosema?

"Shikamoo, mama!"

Na mimi, Mungu anisaidie, nikajibu, "Marahaba!"

Ngoma zikakatika. Hata mto nadhani ulisimama. Mkwe amemgusa mama mkwe mbele ya kijiji kizima, tena kwa maziwa. Halafu Mama Juma akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuku anayetaga, na baada yake wakaanguka wote, wagomaji na vibarua, wameshikana mabega. Chacha alikaa chini kwenye vumbi akilia machozi.

Wewe ulikuwa umekaa upande wako wa kichuguu, uso magotini. Mimi nimekaa upande wangu, kanga mdomoni. Ulidhani nalia. Sikulia. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, nazuia sauti isitoke ukadhani nakudharau.

Nilipopata pumzi nikaona, basi, aibu imekwisha kuingia, haiwezi kuingia mara ya pili. Kama sitasema leo sitasema tena. Lakini kukuambia siwezi. Nikakiambia kichuguu.

"Kichuguu, nyuma yako kuna mtu. Mwambie maziwa yale yalikuwa chakula changu cha mchana."

Sauti yako ikatoka, ndogo: "Kichuguu, mwambie mama naomba anisamehe."

"Mwambie sijamaliza. Mwambie mimi sipingi mshahara wake. Ukipanda, binti yangu atavaa viatu. Lakini muulize, walipokaa nyuma ya jiko kupanga mambo yao, sisi wa uani walituita?"

"Kichuguu, mwambie mama hatukuwaita."

"Muulize kwa nini."

Watu nao waliacha kucheka, wakasogea kusikiliza.

"Kichuguu, mwambie mama tulidhani vibarua wataogopa."

"Ahaa! Sasa muulize, leo aliyekimbia ni nani?"

Nawe ukajibu, na mpaka leo nikikumbuka naweka jembe chini nicheke: "Kichuguu, mwambie mama tumekimbia wote wawili."

Hapo ndipo nilipokupenda. Siku ulipoleta ng'ombe nilikukubali tu, maana ng'ombe walikuwa wazuri. Kukupenda nilikupenda siku ya kichuguu.

Nikasema, "Kichuguu, basi mwambie hivi. Madai yao yaseme na vibarua. Mama Juma anashona mapazia ya hoteli ile tangu ilipoezekwa, na kila asubuhi anaitwa kibarua mpya. Watuweke nasi ndani ya maneno yao, na mimi mwenyewe nitakuja kukaa juu ya gogo lao. Wasipotuweka, kesho napita tena, na kesho kutwa, na watatafuta mkwe mwingine wa kuniwekea."

Ukanyanyuka. Nilikusikia unakung'uta majani. Ukaenda mbele ya Chacha na lile shati linalonuka maziwa, wanaume wenzako wote wanakutazama.

"Mura," Chacha akakuambia, "nilikutuma umzuie mama mkwe, umerudi mjumbe wake?"

"Tumekosea, Chacha," ukasema. Hukupaza sauti, lakini nilisikia. "Tuliwafungia nje kwenye kikao, sasa tunawafungia nje njiani. Hawa wakikaa nasi hapa, wageni watalalia nini? Na kama hamtaki, mimi sisimami tena hapo, hata mkinichemsha na ndizi."

Chacha alijikuna kichwa, kile kile kikubwa. Akatutazama wanawake. Akapanda kreti lake. "Ndugu wafanyakazi," akasema, halafu akakohoa, "na vibarua."

Basi. Nikakaa juu ya gogo. Wewe ukahamia mwisho kabisa wa watu, upande wa mto, ambako ulitakiwa kuwa tangu mwanzo.

Mengine kila mtu anayasimulia, lakini nani anayasimulia vizuri kama mimi? Basi la wageni linakuja, mashuka machafu yamejaa chumba. Meneja na karani wake wakakunja suruali wakaingia uani kufua wenyewe. Buluu ya kufulia hawajui inawekwa kiasi gani, wakamimina yote. Mashuka yakatoka ya samawati, na mikono yao ya samawati mpaka kwenye viwiko. Wageni walishuka kwenye basi wakapiga picha kamba ya kuanikia. Wakati mtu wa ofisi ya kazi alipofika kutoka wilayani kusuluhisha, meneja alimpa mkono, yule bwana akautazama mkono, akaangalia pembeni ili asicheke. Mshahara ukarekebishwa. Mama Juma akaandikwa kazi ya kudumu, na wengine wawili watatu. Mimi hawakuniandika, walisema umri. Niliwaambia umri wangu haukuwazuia kuniletea mashuka. Nikaendelea na kibarua changu mpaka magoti yalipokataa, na wale walioandikwa kila mwezi waliniletea chumvi na sabuni bila kuombwa. Siwadai kitu.

Ila wewe uliondoka. Chacha alitunga wimbo akautia jina lako, Marwa na maziwa, wakauimba kwenye kila pombe kuanzia hapa mpaka Nyarero kwa ndugu zangu. Wazee wakasema mkwe aliyemgusa mama mkwe atoe mbuzi, aliwe, yaishe. Wewe siku ile hukuwa na mbuzi wala uso. Ukapata kazi Mwanza, ukachukua mke na mtoto, na tangu hapo unanitumia vitenge.

Unadhani nina hasira? Baba Ghati, sikiliza. Baba yake Bhoke alipofariki, nyumba hii ilibaki na sauti za wanawake na watoto tu. Wewe ulipokuwa unakohoa nje ya uzio usiku, ukipita kutoka kazini, nilijua kuna mtu mzima anayepita kutazama kama tumelala salama. Hukuingia hata mara moja, na hukuacha kupita hata mara moja. Sasa usiku nasikia fisi. Fisi hakohoi vizuri.

Habari ya mbuzi usiiwaze. Siku ile ile ulipoondoka nilitenga jike mmoja zizini, nikasema huyu ni wa mkwe. Balozi wa nyumba kumi akaja kubisha, mbuzi wa kosa lazima atoke kwa mkosaji. Nikamwambia mbuzi huyu anachungwa upande wa mto, ule ni upande wa mkosaji, majani aliyokula ni ya mkosaji, kwa hiyo ni wa mkosaji. Alifikiri, akaona nitamchelewesha chakula, akakubali. Huyo jike amezaa, na mwanawe amezaa. Sasa hivi una mbuzi wengi hapa kuliko marafiki huko Mwanza. Atachinjwa mmoja, wazee wale, na mimi nitapika figili na ugali wa mtama, wewe ule upande wako wa ua na mimi wangu, na tutakula siku moja tukiwa na ukuta katikati. Inatosha. Sitaki zaidi ya hapo.

Ghati alipokuja ameusikia ule wimbo kwa watoto wa hapa na anataka kukiona kichuguu. Nimemwambia baba yake atampeleka.

Kwa hiyo omba likizo. Shuka njia panda, usipande baiskeli ya mtu, tembea, watu wakuone. Fuata njia ile ile. Gogo lilishakatwa kuni, lakini kichuguu kipo, na kimenenepa. Ukifika hapo kohoa. Mimi nitakuwa nakuja kukupokea, siwezi kungoja nyumbani. Ukiniona, toka upande wa mto. Upande wa mto, Baba Ghati! Hata kama kuna moto, hata kama kuna ngoma, hata kama yupo Chacha na kreti lake. Kichuguu ni changu.

Mimi mkwe wako,
Mama yake Bhoke